Tumenunua Kebo, Tukasahau Swichi

Leo sitaandika kuhusu simu mpya wala lugha ya programu. Naandika kuhusu reli. Kabla hujafunga ukurasa, ngoja kidogo: reli ni mtandao, na makosa yanayofanywa kwenye reli yetu ni yale yale ambayo mtu yeyote aliyewahi kuunganisha kompyuta tano ofisini anayajua. Tofauti ni kwamba ukikosea ofisini unapoteza siku moja. Kwenye reli unapoteza miaka mia.

Niseme hoja yangu mapema ili asiyekubaliana nami aanze kukasirika sasa hivi. Kenya tumekuwa tukibishana kuhusu urefu wa reli, kasi ya treni na ukubwa wa deni. Hakuna anayeuliza swali la maana kuliko yote: reli hizi zinakutana wapi, na zikikutana, mtu au mzigo unavukaje kutoka moja kwenda nyingine? Reli mbili zisizokutana ni kebo mbili zilizolala sakafuni. Kinachofanya kebo ziwe mtandao ni swichi, na swichi ya reli inaitwa stesheni ya makutano.

TUANZE NA HESABU

SGR ya Mombasa hadi Nairobi ilipofunguliwa mwaka 2017 ilikuwa na stesheni 9 za abiria: Mombasa, Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali, Athi River na Nairobi. Ukihesabu jozi zote za stesheni ambazo msafiri anaweza kuchagua, unapata 9 mara 8 gawanya kwa 2, yaani jozi 36.

Sasa chukua reli nyingine yenye stesheni 9. Nayo ina jozi 36. Jumla 72. Lakini ukiziunganisha mahali pamoja, kwa namna ambayo msafiri anashuka huku na kupanda kule bila taabu, una stesheni 18, na jozi ni 18 mara 17 gawanya kwa 2. Ni 153. Yaani umepata safari 81 mpya bila kununua injini hata moja. Safari hizo 81 zimetoka kwenye makutano. Ndiyo maana mtu anayejua mitandao haanzi na swali la urefu wa kebo. Anauliza, imechomekwa wapi?

NAKURU INATUFUNDISHA NINI

Reli ya zamani, ile ya upana wa milimita 1,000, ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu mwezi Desemba 1901. Waliojenga, wengi wao wakiwa vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India, walifuata vipimo vilivyokuwa vikitumika huko kwao. Baadaye, kwenye miaka ya 1920, ikajengwa njia nyingine kutoka Nakuru kupitia Timboroa na Eldoret kuelekea Uganda, na mwaka 1931 reli ikafika Kampala.

Tangu hapo Nakuru ikawa makutano makubwa ya upande huu wa nchi. Ukitoka mjini ukielekea magharibi, njia inagawanyika. Moja inapanda Njoro, Molo na Mau Summit, kisha inashuka Fort Ternan na Muhoroni hadi Kisumu. Nyingine inaelekea Rongai, inapanda Timboroa kwenye zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, halafu Eldoret, Webuye, Bungoma na Malaba. Kwa lugha yetu ya kazi, Nakuru ni nodi ambayo pakiti zote za Magharibi lazima zipitie.

Sasa fungua ramani utazame Magharibi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 lilijengwa tawi kutoka Kisumu kupitia Maseno, Luanda na Yala hadi Butere, kama kilomita 70 hivi. Likaishia hapo. Halikufika Mumias, iliyo jirani kabisa, ambako miaka ya 1970 kilikuja kujengwa kiwanda kikubwa cha sukari. Halikufika Bungoma, ambako reli ya pili inapita. Halikufika Kakamega mjini, ingawa ni miaka hiyo hiyo ambapo watu walikuwa wanamiminika Kakamega kutafuta dhahabu.

Matokeo yake ni mzaha mtupu. Ukiwa na gunia lako Butere na unataka lifike Bungoma kwa reli, lazima liende Kisumu, lipande Mau, lifike Nakuru kilomita 217 kutoka Kisumu, ligeuke, lipande tena Timboroa, lipite Eldoret na Webuye, ndipo lifike Bungoma. Kwa barabara, boda boda mwenye haraka anakufikisha kabla chai haijapoa. Hakuna anayehitaji shahada ya kompyuta kuona kwamba mtandao huu una kasoro. Unakosa kiungo kimoja kifupi, na kwa sababu ya kiungo hicho kimoja, tawi zima la Butere liligeuka kuwa kichochoro kisichotokea upande wa pili.

Kisha kuna hatari ya kutegemea njia moja. Mwezi Januari 2008, wakati wa vurugu za baada ya uchaguzi, vijana waling'oa reli Kibera. Kipande kifupi tu, mtaa mmoja wa Nairobi. Mizigo ya kwenda Uganda ikakwama. Mtu wa seva anajua jina la ugonjwa huo: sehemu moja ikifa, mfumo mzima unakufa. Dawa yake ni makutano mengi na njia mbadala. Sisi miaka hii yote tumebaki na Nakuru moja.

SASA TUJE KWENYE SGR

Serikali ilitumia takriban shilingi bilioni 327 kujenga SGR ya Mombasa hadi Nairobi, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo kutoka Benki ya Exim ya China. Awamu ya pili, kilomita 120 kutoka Nairobi hadi Suswa, ilifunguliwa Oktoba 2019 kwa takriban dola bilioni 1.5. Upana wake ni milimita 1,435. Behewa la reli ya zamani haliwezi kuingia humo, wala la SGR haliwezi kuingia reli ya zamani.

Hilo peke yake si dhambi. Mifumo miwili tofauti inaishi pamoja kila siku. Dhambi ni kujenga mfumo wa pili bila kufikiria utaongeaje na wa kwanza. Tazama miisho ya SGR. Kituo cha Mombasa kiko Miritini, nje ya kisiwa. Kituo cha Nairobi kiko kule Syokimau, mbali na stesheni kuu ya mjini, na abiria anayetaka kuingia mjini kwa reli lazima abadilishe apande treni ndogo ya reli ya zamani. Halafu awamu ya pili ikaishia Suswa, mahali ambapo hapakuwa na mji wala makutano. Iliishia pale pesa zilipoishia.

Ndiyo, najua, kuna watu watanikumbusha bandari kavu ya Naivasha pale Mai Mahiu, na kipande cha reli ya zamani kilichojengwa kuiunganisha na Longonot. Nakubali, na nasema hadharani kwamba kipande hicho ni kati ya mambo ya akili zaidi yaliyofanywa katika mradi huu wote. Kontena linashushwa kutoka behewa la SGR, linapandishwa behewa la reli ya zamani, safari inaendelea kuelekea Malaba. Hiyo ni swichi! Lakini angalia mpangilio: reli ilifunguliwa kwanza, kiungo kikaja baadaye kama kiraka. Programu inayotolewa kwa wateja halafu ndiyo unaanza kuandika sehemu ya kuunganisha na mfumo wa zamani, kila mmoja wetu anajua inavyoishia.

Na kwa kuwa reli haikuwa imeunganishwa vizuri na mahitaji ya watu, wakubwa wakatumia amri. Mwaka 2019 ikatolewa amri kwamba mizigo ya bandarini isafirishwe kwa SGR upende usipende. Mombasa wakaandamana, kwa sababu kazi za malori, mabohari na mawakala zilikuwa zinahama. Amri hiyo iliondolewa Septemba 2022 na serikali mpya. Mimi somo ninalolichukua ni hili: mfumo ukiwa mzuri, watumiaji wanakuja wenyewe. Ukiona mwenye mfumo anafungia watu ndani kwa nguvu, ujue hakujenga milango.

WAHINDI WALIFANYAJE

Kwa kuwa reli yetu ilizaliwa na mawazo kutoka India, ni haki tutazame walioendelea na mawazo hayo. Kuna stesheni Uttar Pradesh iliyojulikana kwa miaka mingi kama Mughalsarai, ambayo mwaka 2018 ilibadilishwa jina ikaitwa Pandit Deen Dayal Upadhyaya. Iko kwenye njia kuu kati ya Delhi na Kolkata. Hapo njia ya kupitia Patna na njia ya kupitia Gaya zinaungana, na upande wa pili zinatawanyika kwenda Varanasi na Prayagraj. Uwanja wake wa kupanga mabehewa ni miongoni mwa mikubwa kabisa barani Asia. Mji ule ulikua kwa sababu ya makutano.

India nao walikuwa na tatizo la upana tofauti, tena baya kuliko letu: milimita 1,676, milimita 1,000, na reli nyembamba zaidi ya hizo. Mwaka 1992 wakaanza mpango wa kitaifa wa kuzileta kwenye upana mmoja, wakiugeuza mtandao kipande kwa kipande, mwaka baada ya mwaka. Hawakutupa reli za zamani porini. Walizichukua kama sehemu ya mtandao inayosubiri kuboreshwa.

Lakini kinachonifurahisha mimi zaidi ni upande wa data. Uhifadhi wa nafasi kwa kompyuta ulianza Delhi katikati ya miaka ya 1980. Mwaka 2002 wakaanza kuuza tikiti kwenye intaneti. Kila stesheni ina msimbo wake wa herufi chache, kila treni ina namba, kila tikiti ina namba. Mughalsarai ilikuwa MGS. Jina lilipobadilika, msimbo ukawa DDU. Mtu wa hifadhidata akisoma hapo anatabasamu, kwa sababu anajua kazi iliyofanyika usiku ule. Ina maana kuna mfumo mmoja unaojua kila stesheni, na unajua ipi inaungana na ipi.

Hapa kwetu, nitajie msimbo wa stesheni ya Yala. Nitajie Luanda. Nitajie mahali ambapo msanidi programu wa kawaida anaweza kupakua ratiba ya treni zote za Kenya, za reli zote mbili, katika faili moja. Umeona?

HOJA ZA WAPINZANI

Kuna watu wa aina tatu nitawajibu hapa hapa.

1. "Reli ya zamani imekufa, iacheni." Haijafa. Njia ya Nakuru hadi Kisumu ilikarabatiwa, na Desemba 2021 treni ya abiria ikarudi Kisumu baada ya karibu miaka kumi. Tawi la Butere nalo likafanyiwa kazi. Kisumu kuna meli ya MV Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960, inayobeba mabehewa yenyewe na kuyavusha ziwa hadi Port Bell, Uganda. Behewa linaingia melini likiwa kwenye reli na kutoka likiwa kwenye reli. Hayo ni makutano ya ardhi na maji, na yanafanya kazi kwa sababu pande zote mbili zina upana mmoja. Ukiiua reli ya zamani, meli hiyo inabaki na reli zisizoelekea popote.

2. "Upana tofauti hauwezi kuunganishwa." Unaweza, na unaunganishwa kila siku. Mpakani mwa China na Kazakhstan, pale Khorgos, kreni zinahamisha makontena kutoka milimita 1,435 kwenda milimita 1,520. Hispania wana treni za Talgo ambazo magurudumu yake hubadilisha upana zikiwa zinatembea. Kuna pia njia ya kuweka reli tatu kwenye taruma moja. Kwa abiria ni rahisi zaidi: weka majukwaa mawili kando kwa kando, treni moja huku, nyingine kule, mama na mizigo yake anavuka hatua kumi. Hiyo inahitaji mchoraji aliyeambiwa mapema tu.

3. "Wewe ni mtu wa kompyuta, reli inakuhusu nini?" Inanihusu kwa sababu mimi na wewe tunailipia. Bidhaa nyingi zinazoingizwa nchini zinatozwa ushuru wa kuendeleza reli, ikiwemo kompyuta ninayoandikia.

KWA NINI NAANDIKA HAYA KUTOKA KAKAMEGA

Kwa sababu zamu yetu imefika. Mwaka 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuiendeleza SGR kutoka Naivasha hadi Kisumu, na kutoka Kisumu hadi Malaba. Njia iliyopangwa kwenda Kisumu inapita Narok na Bomet. Yaani Nakuru, makutano yetu ya zaidi ya miaka mia, inarukwa. Sitaki kugombana na watu wa Narok na Bomet. Nao wanastahili reli. Nasema tu kwamba ukihamisha njia kuu na kuiacha swichi ya zamani, lazima useme swichi mpya iko wapi.

Na ukiangalia ramani jibu liko wazi. Swichi mpya ni Kisumu. Hapo zitakutana SGR, reli ya kutoka Nakuru, tawi la Butere, na ziwa. Njia nne mahali pamoja! Hakuna mji mwingine Kenya bara wenye bahati hiyo. Ikiwa stesheni ya SGR itajengwa mbali na stesheni ya zamani na mbali na bandari, kama tulivyofanya Syokimau na Miritini, basi tutakuwa tumerudia kosa lile lile kwa mara ya tatu, na safari hii hakuna wa kusema hakujua.

Halafu kuna kipande cha Kisumu hadi Malaba. Yeyote anayechora mstari kati ya miji hiyo miwili atapita jirani na Butere na Mumias. Hii ndiyo nafasi ya kuziba lile pengo lililoachwa miaka ya 1930. Makutano moja tu ya kweli upande huu, yenye jukwaa la abiria, kreni ya makontena na stendi ya matatu mlangoni, na tawi la Butere halitakuwa tena kichochoro. Mkulima wa miwa, mfanyabiashara wa Luanda, mwanafunzi wa Masinde Muliro anayerudi kwao Nairobi, wote wanaingia kwenye mtandao. Wakikosa makutano, watasimama kando ya tuta wakipungia treni mkono. Nako Uganda hawajalala: mwaka 2024 walitia saini mkataba wa kujenga SGR yao kutoka Malaba hadi Kampala. Tutakutana nao mpakani tukiwa na nini?

NINACHODAI

Mosi, kabla ya kumwaga zege, ramani ya makutano ichapishwe. Si picha ya treni inayong'aa yenye bendera. Ramani inayoonyesha, kwa mita, umbali kutoka jukwaa la SGR hadi jukwaa la reli ya zamani, hadi stendi ya magari, hadi bandarini. Mita hizo ndizo zitakazoamua kama reli itatumika.

Pili, ratiba zote zitolewe katika muundo wa wazi. Muundo upo tangu 2005, unaitwa GTFS, na ni faili za maandishi tu. Kuna faili moja humo inaitwa transfers.txt, kazi yake ni kueleza mtu anabadilisha usafiri wapi na anahitaji dakika ngapi. Anayelazimika kujaza faili hiyo analazimika kufikiria makutano. Na asiniambie mtu kwamba ni kazi ngumu: Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa MIT na Columbia walipima njia za matatu za Nairobi kwa simu wakaziweka kwenye muundo huo huo, data ikatolewa mwaka 2014. Kama matatu zisizo na ratiba ziliwezekana, treni chache zinatushindaje?

Tatu, tikiti moja. Nikinunua safari ya Butere hadi Mombasa, nilipe mara moja kwa simu, nipewe namba moja, hata kama nitabadilisha treni mara mbili. Nchi iliyowapa watu M-Pesa mwaka 2007 haina kisingizio hapo.

Nne, data iwe ya umma kisheria. Ibara ya 35 ya Katiba inatupa haki ya habari zilizoko mikononi mwa serikali, na sheria ya kuitekeleza ilipitishwa 2016. Mikataba ya SGR ilisubiriwa miaka mingi, sehemu yake ikatolewa Novemba 2022. Tusisubiri hivyo kwa michoro ya Kisumu.

Kwenu wasanidi programu wenzangu, hasa mlioko Kisumu, Kakamega na Bungoma: tusikae tukisubiri. Stesheni za tawi la Butere zinahesabika kwa vidole. Nendeni na simu, chukueni majira-nukta yake, piga picha jukwaa, pima umbali hadi barabarani. Wikendi moja inatosha. Tutaunda msimbo wa kila stesheni sisi wenyewe, tutaweka faili hadharani, na siku ya vikao vya maoni ya wananchi tutaingia na ramani mkononi badala ya malalamiko. Mhandisi anaweza kupuuza kelele. Ramani yenye vipimo ni vigumu kuipuuza.

Butere iliishia Butere kwa sababu miaka ile hakuna mtu wa hapa aliyeulizwa. Safari hii tuko hapa, na tunajua kuhesabu.